Kulenga Shabaha Katika Baridi ya Carolina

Ndugu msomaji, ukiitazama ramani ya Marekani upande wa mashariki, utaliona jimbo la North Carolina likianzia kwenye fukwe za bahari ya Atlantiki na kuishia kwenye milima ya Appalachia. Katikati yake, kati ya bahari na milima, pana nchi ya vilima vidogo, udongo mwekundu, misitu ya misonobari, na vimiji vilivyokuzwa na viwanda vya nguo. Kimoja cha vimiji hivyo ni Ramseur, kando ya mto uitwao Deep River. Ukienda magharibi mwendo mfupi kwa gari utafika Asheboro, penye bustani kubwa ya wanyama ambamo utawakuta tembo, twiga na simba, jamaa za wale wa mbuga zetu. Lakini safari yetu ya leo haituelekezi huko. Tunakwenda kwenye uwanja wa shabaha.

Ramseur ndiko nyumbani kwa mafunzo ya bunduki yajulikanayo kwa jina la Appleseed, yaani mbegu ya tofaa. Yalianzishwa katikati ya miaka ya 2000 na chama cha watu wa kujitolea kiitwacho Revolutionary War Veterans Association, na sasa hufanyika katika majimbo mengi ya nchi hiyo. Mafunzo huchukua siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili. Walimu hawalipwi mshahara. Wanafunzi ni watu wa kila namna: fundi wa magari, muuguzi, mwanafunzi wa chuo, mama na binti yake, baba na mwanawe wa miaka 12. Hufundishwa kupiga shabaha kwa namna ya zamani: bunduki mkononi, mkanda wa ngozi au wa turubai uliokazwa kwenye mkono, jicho, pumzi na kidole. Hapana meza ya kuegemezea wala mguu wa chuma wa kushikilia mtutu.

BARIDI ISIYOOMBA RUHUSA

Ukitaka kuyaelewa mafunzo haya vema, uyatembelee mwezi wa Februari. Hewa ya sehemu hii ina tabia yake. Wakati wa kipupwe hewa nzito ya baridi huteremka kutoka kaskazini-mashariki, ikagota kwenye milima ya Appalachia na kutuama chini yake, kama maji yaliyozuiwa na ukuta. Juu ya baridi hiyo hupita hewa ya vuguvugu iliyobeba unyevu wa baharini. Mvua hutoka juu ikiwa maji, ikapita katika baridi, na mara inapogusa tawi, waya au jani hugeuka barafu papo hapo. Hii si mvua ya mawe tuijuayo sisi. Ni mvua ya kawaida inayoganda pale inapotua. Asubuhi utaona kila jani la msonobari limevikwa kioo, na matawi yakivunjika kwa uzito.

Katika hali kama hiyo, sisi wa Dar es Salaam au Mombasa tungesema mkutano umeahirishwa. Huko sivyo. Maadamu barabara zinapitika, mvua na baridi havivunji mafunzo. Radi ndiyo isimamishayo kazi. Mwanafunzi hutandika turubai juu ya tope na kulala kifudifudi, viwiko vikizama taratibu katika udongo mwekundu. Vidole vinakufa ganzi. Pumzi yake inatia ukungu kwenye kioo cha kulengea. Koti zito linaubadilisha mkao wa kitako cha bunduki begani, na mkanda uliomtosha nyumbani sasa unambana. Karatasi ya shabaha inalowa na kuchanika.

Kumbe hapo ndipo somo linapoanza. Siku ya jua kali na upepo mwanana, mtu mwenye mkono mwepesi anaweza kupiga vizuri kwa bahati, akarudi kwao akijiona bingwa. Baridi humnyang'anya bahati hiyo. Kinachobaki ni kile alichokifahamu kweli.

KANUNI NNE NA PUMZI MOJA

Kabla ya risasi ya kwanza kusikika, kila mtu husomewa kanuni nne, na huzirudia hadi zimkae kichwani. Kwanza, mdomo wa bunduki uelekee daima upande ulio salama. Pili, usitie risasi kabla ya kuamriwa. Tatu, kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka uwe umelenga. Nne, hakikisha kwamba walio karibu nawe nao wanazifuata kanuni hizi. Zingatia hiyo ya nne, ndugu msomaji. Tatu za mwanzo humlinda mtu dhidi ya makosa yake mwenyewe. Ya nne humfanya awe mlinzi wa jirani yake. Mtoto wa miaka 12 akiona jambo la hatari, ana haki ya kupaza sauti na kusimamisha uwanja mzima, na watu wazima humtii.

Kisha huja elimu yenyewe. Karatasi za shabaha husimamishwa umbali wa mita 25, na bunduki zitumiwazo zaidi ni zile za risasi ndogo, zenye upana wa milimita 5.6. Lakini picha zilizochorwa kwenye karatasi zimepunguzwa ukubwa kwa hesabu, hivi kwamba zinaonekana kama mtu aliye umbali wa yadi 100, 200, 300 hata 400. Hapo mwanafunzi hukumbushwa jometri ya shuleni. Digrii moja ina dakika 60, na dakika moja ya pembe, ukiipima umbali wa yadi 100, ni karibu inchi moja. Ajuaye hesabu hiyo anaweza kuzitazama tundu zake kwenye karatasi na kujua arekebishe bunduki kwa kiasi gani, bila kubahatisha.

Mengine yote ni ya mwili na moyo. Mwanafunzi huambiwa alenge, kisha afumbe macho, avute pumzi na kuitoa, halafu afumbue macho. Je, bunduki bado inaitazama shabaha? Kama imehama, asiivute kwa nguvu za mkono, kwani misuli huchoka na baridi huitetemesha. Ausogeze mwili mzima mpaka bunduki yenyewe iitazame shabaha bila kulazimishwa. Pumzi ikishatoka, kuna kituo kifupi kabla ya kuvuta nyingine. Katika kituo hicho jicho hukaa kwenye alama ya mbele ya kulengea, si kwenye shabaha, na kidole hukikaza kifyatulio polepole. Risasi ikitoka, kidole kisiachie upesi, na mpigaji ataje alikuwa ameelekea wapi wakati ule. Anayesema kweli hufundishika. Asiyesema kweli hulaumu bunduki.

Mtihani wa mwisho ni wa risasi 40: kumi kwa kusimama, kumi kwa kuketi au kupiga goti, na ishirini kwa kulala, kila hatua kwa muda uliopimwa. Alama kamili ni 250, na afikishaye 210 hupewa kitambaa kidogo cha kushona kwenye nguo. Hiyo ndiyo zawadi, na watu wazima hulala topeni siku mbili kwa ajili yake.

HADITHI YA SIKU MOJA

Wakati wa mapumziko, walimu husimulia habari za Aprili 19, mwaka 1775. Usiku uliotangulia, askari wa Uingereza wapatao 700 walitoka Boston kwenda kuteka silaha zilizofichwa katika kijiji cha Concord. Alfajiri walikutana na wanamgambo wapatao 77 katika uwanja wa Lexington, na wanamgambo 8 wakauawa. Huko Concord, darajani, fundi bunduki aitwaye Isaac Davis aliwaongoza wenzake wa kijiji cha Acton na kuanguka miongoni mwa wa kwanza. Lakini siku hiyo, wakati Waingereza wakirudi Boston, njia yote iligeuka uwanja wa vita. Hadi jua linatua, Waingereza 73 walikuwa wameuawa, na upande wa pili 49.

Ni vema kusema hapa jambo ambalo ngano hulisahau. Wengi wa wakulima wale hawakuwa na bunduki zenye msokoto ndani ya mtutu. Walishika magobore, silaha isiyolenga mbali. Nguvu yao ilikuwa katika mambo mengine: walikuwa wamefanya mazoezi pamoja, walijuana, na habari iliposambazwa usiku kila kijiji kilijua wajibu wake.

SHABAHA NI IPI?

Hadithi hiyo ni ya kweli, lakini nchi inayozunguka uwanja wa Ramseur ina hadithi nyingine. Kusini-magharibi, karibu na mpaka wa South Carolina, uko mji wa Monroe. Hapo aliishi Robert Williams, Mmarekani mweusi aliyepata kuwa askari. Katika miaka ya 1950 aliunda klabu ya kulenga shabaha kwa ajili ya watu weusi wa mji huo, kwa sababu vikundi vya Ku Klux Klan viliwaandama na sheria haikuwalinda. Mwaka 1957 Klan walipoishambulia nyumba ya daktari mmoja mweusi, walikuta walinzi wenye bunduki, wakatimka. Mwaka 1961 Williams alikimbilia Cuba, kisha akaishi China, na mwishoni mwa miaka ya 1960 alifika hata Dar es Salaam, kabla ya kurejea kwao mwaka 1969.

Kaskazini ya Ramseur, chini ya mwendo wa saa moja kwa gari, uko mji wa Greensboro. Hapo, Februari 1, 1960, vijana wanne weusi wa chuo waliketi kwenye meza ya duka la Woolworth iliyotengwa kwa ajili ya wazungu, wakaomba wauziwe kahawa, na wakakataa kuondoka waliponyimwa. Hawakuwa na silaha yoyote. Kufikia Julai mwaka ule meza hiyo ilifunguliwa kwa wote.

Wakulima wa 1775, walinzi wa Monroe na vijana wa Greensboro, wote walijitambua kuwa raia na wakadai haki ya raia. Wengine walitumia bunduki, wengine walitumia kiti. Bunduki humfundisha mtu namna ya kulenga. Haimfundishi alenge nini. Hilo hujifunza kwingine, nyumbani, shuleni, na katika maisha ya pamoja. Walimu wa Appleseed nao wanalijua. Jumapili jioni, mikono ikiwa imepasuka kwa baridi, huwaaga wanafunzi kwa kuwahimiza wapige kura, waende mikutanoni, na wasikae kimya katika mambo ya nchi yao.

Hata hivyo kuna swali wanaloondoka nalo ndani ya magari yao, pamoja na bunduki zenyewe. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi nchini Marekani, na 26,328 kati yao walijiua. Hao hawakukosa shabaha. Walikosa mtu wa karibu wa kuitekeleza ile kanuni ya nne: kutazama aliye jirani, na kupaza sauti kabla mambo hayajaharibika.

Sisi tunaifahamu njia nyingine. Mgambo wetu hufundishwa shabaha, kisha bunduki hurudishwa ghalani, na raia atakaye silaha yake mwenyewe sharti apate leseni. Tusijivune kwa hilo na kusinzia. Ndugu msomaji, kanuni ya nne haihitaji bunduki. Inahusu dereva mlevi anayewasha gari, mashine ya kiwandani isiyo na kinga, na kijana wa jirani aliyeacha ghafla kusema na watu. Umlinde mwenzio, nawe ukubali kulindwa naye. Wanaolifanya hilo kuwa desturi siku za jua hawatalisahau siku ya baridi.