Mwalimu wa Maafande

Nilianza kufundisha kompyuta kwenye saiba za Umoja na Buruburu, nikiwaelekeza vijana kufungua barua pepe na kuandika wasifu wa kuombea kazi. Sisi wa Eastlands tumezaliwa tukiona magwanda: Eastleigh kuna kambi ya Jeshi la Wanahewa, na Embakasi kuna shule ya kuwaandaa walinda amani. Hata hivyo, raia kupita getini na mkoba wa kompyuta ni shughuli. Kambi iliyoniajiri kwa mkataba sitaitaja.

Kozi ya kompyuta kwa askari ilikuwa ya masomo mseto, nusu darasani, nusu kwa mbali. Haikuwezekana vinginevyo. Tangu Oktoba 2011 majeshi yetu yalipoingia Somalia, mwanafunzi wa leo huweza kuhamishwa kesho, na somo limfuate aliko. Kisha ikaja kafyu ya korona, Machi 27, 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Darasa likafungwa, nami nikafundisha nikiwa sebuleni Umoja, stima ikipotea wakati wowote itakao.

Tulitumia Moodle, programu ya masomo ya mtandaoni iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia. Utotoni, huko jangwani, yeye alisoma kwa redio ya masafa mafupi. Habari hiyo iliwafurahisha sana watu wa signali, askari wa mawasiliano. Wakamhesabu kuwa mwenzao.

Umbali ulinifunulia jambo ambalo darasa lilikuwa likilificha: cheo. Sajini hawezi kukiri mbele ya praiveti kwamba kujumlisha safu ya tarakimu kumemshinda. Atatazama skrini kwa ukali kama anakagua gwaride. Lakini saa nne usiku simu yangu ilikuwa ikilia: “Mwalimu, hiyo fomula inanikatalia. Nielekeze polepole, na usiseme darasani.” Waliokuwa kimya zaidi mchana ndio walioniweka macho usiku.

Somo moja tu nilikataa kulifundisha kwa mbali: kuzuia simu isifichue mahali ulipo. Mnamo Januari 2018 dunia iligundua kwamba ramani ya Strava, programu ya wakimbiaji, ilikuwa imeanika njia za mazoezi za askari ndani ya kambi zao za ng’ambo. Somo hilo nililiweka hadi mipaka ya Nairobi, iliyokuwa imefungwa kwa sababu ya korona, ilipofunguliwa Julai 2020 na darasa kurudi. Afisa akaruhusu simu, ambazo kwa kawaida hubaki getini, ziingie mara hiyo moja. Kila mmoja akazima mwenyewe huduma ya eneo, nikipita nyuma yao kuhakikisha. Wawili walipauka nyuso walipoona picha zao zimebeba mahali zilipopigwa.

Enyi mnaopanga kozi hizi, siku za darasani ziwekeni kwa kazi za mikono, na mumlipe mwalimu saa zake za usiku. Bando nayo msimwachie askari, risasi hajinunulii.