Pete ya Sita

Kuna kazi ambayo kompyuta huifanya usiku na mchana bila hata kukohoa: kutazama maneno mawili na kusema ni sawa ama si sawa. Wengi hudhani inayaona yote kwa mpigo mmoja, kama tunavyotazama sura za mapacha. Wapi! Katika lugha ya Haskell, iliyotolewa mwaka 1990, neno la kawaida ni mnyororo. Kila pete imeshika herufi moja na inajua ilipo pete inayofuata, basi. Pete ya kwanza haijui urefu wa mnyororo. Ukitaka kuujua, tembea mpaka mwisho uhesabu mwenyewe.

Hata kulinganisha, basi, ni safari ya miguu. Chukua Juma na Jumanne. J kwa J, sawa; u kwa u, sawa. Pete nne zinakwenda bega kwa bega, kisha Juma anaishiwa, naye ndiye anayetangulia katika orodha. Lakini mlinganishe Juma na juma wa herufi ndogo: safari inafia mlangoni, maana J ni namba 74 na j ni 106.

Mnyororo una gharama. Kwenye kompyuta za biti 64 kila pete hula baiti 24, hivyo jina la herufi 9 linakula 216, wakati likibanwa pamoja lingetoshwa na 9. Mafundi wa maandishi mengi huukimbia. Mie naupenda, kwa kuwa unaonyesha jambo moja wazi: kusema "tofauti" huweza kuwa hatua moja tu, ila kusema "sawa" lazima ufike mwisho. Tofauti ya kwanza ikionekana, yaliyo mbele hayaguswi tena.

Hayo niliyaona kabla sijaishika kompyuta. Cheti cha ndoa cha bibi yangu kiliandikwa Mwanaisha, kitambulisho chake Mwanaasha. Alikwenda ofisi moja kufuatilia mafao ya marehemu babu. Kijana wa dirishani akamwambia, "Shikamoo bibi. Lakini haya majina ni ya watu wawili."

"Marahaba, mjukuu wangu," bibi akajibu. "Hao wawili ndio mimi hapa."

Haikusaidia kitu. Ikawa nenda rudi, nauli juu ya nauli, miezi saba, mpaka ilipopatikana hati ya kiapo.

Hebu hesabu pete. Tano za mwanzo ni sawa. Ya sita, i na a, zinagongana. Kisha s, h, a, sawa tena. Nane kati ya tisa! Lakini ulinganisho wa kawaida hauna jibu la "karibu sawa". Anayelitaka lazima aulize swali jingine: herufi ngapi zibadilishwe ili neno hili liwe lile? Vladimir Levenshtein aliieleza hesabu hiyo mwaka 1965. Kwa bibi yangu jibu ni 1.

Siilaumu mashine; inajibu ilichoulizwa. Ila wewe kijana mwenzangu, ukipewa siku moja kazi ya kuandika programu ya majina ya watu, weka na hilo swali la pili. Na pale jibu linapokuwa 1, programu isimfukuze mtu. Imwite karani ainue macho, amtazame aliyesimama mbele yake.