Ngamani, Kainam

Mwaka 1976, nikiwa darasa la tano kwetu Kainam, Mbulu, mwalimu alituchorea jahazi ubaoni. Nyuma akaandika tezi, mbele omo, na chini kabisa akatia alama ya ngama. "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani!" tukaitikia kwa sauti moja, watoto wa Kiiraqw ambao maji mengi zaidi tuliyowahi kuyaona yalikuwa ya kijito. Nashuku hata mwalimu bahari hakuijua. Jahazi lake lilikuwa kibuyu kitupu.

Jioni nikampelekea babu methali yangu mpya. Nyumba yake ilikuwa ya zamani, imechimbwa ubavuni mwa kilima, paa la udongo likiwa sawa na mteremko, ili Wamasai waliokuja kuteka mifugo enzi hizo wapite wasiione. Ng'ombe walilala humo humo ndani. Usiku nilisikia wakicheua, na joto lao lilitutosha kwenye baridi ya eneo letu la Mama Isara. Alfajiri mama alizoa samadi, akaibeba kwa kapu hadi shambani. Ardhi yetu ni finyu. Bila samadi hupati gunia.

"Ngama ndiyo nini?" babu akauliza kwa Kiiraqw.

Nikamwambia ni tumboni mwa chombo, maji yanakokusanyika.

Akamkuna fahali wake shingoni, kimya. Kisha akasema, "Basi yule mwekundu wa Basotu atarudi."

Nilikuwa simjui huyo mwekundu. Kumbe ng'ombe wa babu hawakuwa wote nyumbani. Wengine aliwakopesha marafiki, hata huko Basotu, uwandani Hanang. Aliyekopeshwa alikamua maziwa na kutumia samadi, ndama wakabaki mali ya mwenyewe. Ugonjwa ukiingia zizi moja, hufilisiki. Na ng'ombe akizurura miaka kumi kwa watu, siku ya mahari anaitwa. Babu alikuwa ameielewa methali ya mabaharia kuliko darasa letu zima.

Kwenye mtihani nilipata alama za tezi na omo. Semi za babu mwenyewe, za fisi, mvua na malisho, hakuna aliyeziuliza, nami sikuziandika. Maana za mbili tatu ninazo bado; maneno yenyewe ya Kiiraqw yamenitoka. Kama kwenu Mbulu au Katesh yuko mzee anayezisema, mfuate na daftari wiki hii.