Baloji: jina zito lililofika mpaka Cannes

Hapa Kalemie, neno mulozi halitamkwi ovyo. Mtoto akifa ghafula, mtumbwi ukizama ziwani, macho ya watu yanamgeukia mama mzee wa jirani. Neno likishatoka mdomoni, hata shefu wa mtaa anashindwa kulirudisha.

Sasa, msomaji, waza kuhusu mtoto aliyezaliwa na jina hilo. Anaitwa Baloji. Mtanzania akilisikia anaweza kufikiri ni balozi, mtu wa kuwakilisha nchi yake. Wakaaji wa Kalemie na Lubumbashi wanasikia mengine: walozi.

Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka wa 1978. Baba yake alimpeleka Ubelgiji angali mdogo, mama akabaki Kongo. Alikulia Liège, akaimba rap katika kundi la Starflam, akatoka humo mwaka wa 2004. Alikuwa ameuacha muziki, mpaka siku alipopata barua ya mama yake, baada ya miaka mingi ya kimya. Jibu lake lilikuwa albamu nzima: Hotel Impala.

Kisha akarudi nyumbani kutafuta sauti. Albamu ya Kinshasa Succursale aliirekodi Kinshasa, na ndani yake wamo Konono N°1, wazee wa likembe zinazopigwa kwa umeme. Mwaka wa 2018 akatoa 137 Avenue Kaniama, ambamo rap, rumba na midundo ya mashine vinakaa pamoja.

Lakini jina lilikuwa bado linamfuata. Mwaka wa 2023 alilipeleka kwenye sinema. Filamu yake Augure ilipata tuzo ya sauti mpya katika sehemu ya Un Certain Regard, kwenye tamasha la Cannes. Koffi, anayeishi Ulaya, anarudi Kongo kuonyesha jamaa mwenzi wake mjamzito. Anambeba mtoto mchanga wa ndugu yake, damu inamtoka puani, inamdondokea mtoto. Hakuna anayeuliza kama ni mgonjwa. Wanamwona kuwa ni mulozi.

Baloji hakulibadilisha jina lake. Alilibeba jukwaani mpaka likapigiwa makofi. Mama mzee wa mtaani hana jukwaa wala kamera. Siku akiitwa hivyo, kinga yake ni jirani mmoja atakayekataa kulirudia neno hilo.