Gobore la Mjomba

Ukisikia Bagamoyo, moyo wako utakwenda pwani, kwenye majahazi na minazi. Leo nakupeleka Bagamoyo nyingine, iliyo Tukuyu, wilayani Rungwe, kwenye migomba na mashamba ya chai, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Huko ndiko nilikojifunza kulenga shabaha mwaka 1978, nami ni kijana wa miaka 19.

Mjomba wangu, aliyehamia huko kwa biashara ya nguo, alikuwa na gobore lenye leseni. Nakiri kwako kwamba nililipenda. Gobore halitaki risasi za dukani. Kila mlio huutengeneza mwenyewe. Utapima baruti kwa kikombe kidogo cha pembe, utaimimina mtutuni, utaishindilia kwa mdeki pamoja na majani makavu ya mgomba, kisha utatia gololi ya risasi, na mwisho utaweka fataki chini ya nyundo. Tulichora duara kwa makaa juu ya ubao, tukauegemeza kwenye ukingo mrefu wa udongo. Nikipiga karibu na duara, mjomba husema, "Mashallah," nami hujiona bingwa.

Masharti yake yalikuwa matatu. Kikombe kimoja, wala usizidishe. Mtutu usimwelekee mtu, hata ukiwa mtupu. Na bunduki ikikataa kulia, iache ielekee shabaha mpaka uhesabu sitini.

Asubuhi moja ya masika walikuja vijana wa jirani kututazama, nikataka kujionyesha. Nikafyatua. Fataki ikalia, baruti ikanyamaza. Vijana wakacheka. Kwa haya na hasira nikaliteremsha gobore, nikaanza kuligeuza ili nichungulie mdomo wake. Mjomba akanirukia, akaurudisha mtutu kwenye udongo. Sijavuta pumzi ya pili, gobore likalia, na ubao ukapasuka vipande viwili.

Hakunipiga wala hakunikaripia. Alikaa chini kwanza, maana miguu ilikuwa ikimtetemeka. Kisha akasema, "Mwanangu, baruti ilikuwa na unyevu, na wewe ulikuwa na kiburi. Ule unyevu ningeukausha juani. Mama yako ningemwambia nini?"

Baruti nyeusi ni mkaa, kiberiti na shura. Ikipata unyevu, moto huweza kutambaa ndani yake polepole kabla ya kulipuka. Mwenye haraka hudhani umezimika.

Huko Marekani wako wanaojiburudisha kwa bastola kubwa na risasi walizozijaza kwa mikono yao, wakipima baruti kwa mizani. Elmer Keith, mfugaji na mwandishi wa Idaho, alishughulika miaka mingi na risasi nzito za namna hiyo, hata mwaka 1955 ikazaliwa ile iitwayo .44 Magnum. Naye kabla ya hapo alikwisha kupasua bastola za .45 kwa kuzijaza kupita kiasi. Kumbe baruti haimjui fundi wala mwanafunzi.

Mtume wetu (S.A.W.) aliwahimiza Masahaba kujifunza kulenga mishale. Lakini pia alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, na akakataza kumfanya kiumbe mwenye roho kuwa shabaha. Basi furaha ile ni halali, ila ina mipaka yake, na serikali nayo imeweka yake katika Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Asiye na leseni asiiguse.

Mjomba ametangulia mbele ya Haki, na gobore lake tulilikabidhi polisi. Mimi nimebaki na ile hesabu ya sitini. Mke wangu akiniudhi, au mtoto akinijibu vibaya, na neno kali limekwisha kufika mdomoni, huhesabu kimya kimya. Mara nyingi sifiki thelathini. Nawe, ndugu yangu, jaribu leo nyumbani kwako.

Wabillahi tawfiq.