Pampu Ilikuwa Kwangu

Tulikuwa tisa, wote wanafunzi wa Kiswahili, na tulitoka Kampala alfajiri, siku ya kwanza ya likizo, kuelekea Mbarara. Ni kilomita 270 hivi. Tuliigawa safari kwa siku nne: Kayabwe, Masaka, Lyantonde, kisha Mbarara. Baiskeli tatu tu ndizo zilikuwa na gia. Sita zilikuwa zile nzito za kubebea matoke, ambazo ukifika mlimani unashuka na kusukuma.

Sheria zilikuwa mbili. Njiani ni Kiswahili tu, na kila neno la Luganda au la Kiingereza ni shilingi 500 kwenye kopo la maziwa ya unga. Pili, mwenye pampu akae nyuma kabisa, nyuma ya yule anayechoka upesi kuliko wote. Pampu nilipewa mimi, kwa sababu baiskeli yangu ilikuwa na gia na miguu yangu ilisifiwa.

Tuliamka saa kumi na moja, tukanywa chai na kula katogo iliyobaki usiku, ya ndizi na maharage, halafu tukafunga mizigo. Kufunga mizigo kulikula saa nzima. Nguo tulizofua jioni tulizitandaza mbichi juu ya mizigo, zikakaukia njiani na kurudisha vumbi lilelile. Kufikia jioni ya kwanza hakuna aliyeweza kukaa. Chakula tulikila tumesimama, kama watu kwenye mazishi yenye viti vichache. Tulilala juu ya mikeka katika darasa tuliloazimwa, tukagombana juu ya sabuni. Sikujua kwamba safari ya kundi ni kusubiri tu: unamsubiri anayekaza kamba, anayenunua maji, aliyeingia kichakani. Kusubiri kulinishinda mapema.

Kopo nalo lilijaa mapema. Sisi ni watu wa kuhesabu mizani na vina, tumemsoma Muyaka, lakini mnyororo wa baiskeli ulipochomoka tuliuita “kile kinachozunguka”. Aliyejua maneno alikuwa mwenzetu wa mwaka wa kwanza, kijana kutoka Arua, aliyekikuta Kiswahili sokoni kabla ya kukikuta darasani. Ila alikuwa hasemi sana. Darasani tulizoea kumcheka kwa sababu ya ngeli zake, na mimi nilikuwa mmoja wa wachekaji. Yeye pia ndiye aliyekuwa wa mwisho barabarani, juu ya baiskeli nzito kuliko zote.

Kayabwe tulipiga picha kwenye mstari wa Ikweta na kumtazama mtu akionyesha maji yanavyozunguka kwenye beseni, upande huu wa mstari na ule. Ni mchezo wa namna ya kumimina, lakini tulilipa kwa furaha.

Asubuhi ya pili tuliingia Lwera. Pale barabara ni tambarare na imenyooka katikati ya kinamasi, malori ya mchanga yanakupita karibu hadi mpini unatikisika. Mbele kulikuwa na Lukaya, na Lukaya kuna gonja na kuku wa kuchoma. Nilimtazama yule kijana akikanyaga polepole, nikamwambia, “Tutaonana Lukaya.” Akaitikia kwa kichwa. Nikabadilisha gia.

Nilikuwa nimekula gonja ya pili wenzangu waliponiuliza yuko wapi. Nikasema anakuja. Baada ya nusu saa hakuna aliyenizungumzisha tena. Nikapanda baiskeli, nikarudi peke yangu na upepo usoni, na kila lori lililonipita nililitazama magurudumu.

Nilimkuta kando ya lori refu lenye namba za Kenya. Baiskeli ilikuwa imepinduliwa, magurudumu juu. Dereva, mtu mzima mwenye kofia, alikuwa amepiga magoti na kubana kiraka kwa kidole gumba, na kijana wetu alikuwa akizungumza. Akizungumza, nasema: pancha, tyubu, gundi, spoki mbili zimelegea, mzee, tukaze na hizi? Dereva akacheka, akamwita “fundi”. Kisha akavuta mpira wa upepo wa lori na kujaza tairi.

Akaniona.

“Wewe ndiye mwenzake?”

“Ndiyo, mzee. Shikamoo.”

“Marahaba. Ameniambia pampu mnayo. Iko wapi?”

Ilikuwa imefungwa kwenye baiskeli yangu, mbele ya macho yake. Nilijibu kwa Luganda. Sijui kwa nini, maneno yalitoka hivyo tu. Dereva hakuelewa. Kijana aliyaelewa, akayatafsiri kwa Kiswahili bila kunitazama: “Anasema anayo yeye.”

Tulirudi pamoja, mimi nyuma. Nilijaribu kuomba radhi mara mbili na malori yakaimeza sauti. Lukaya nilitia shilingi 500 kwenye kopo, na alipoulizwa ni ya neno gani, yule kijana akasema hakusikia.

Jioni, Masaka, alikuja nilipokuwa nikifua, akanyoosha mkono. Nilidhani anataka sabuni.

“Nipe pampu,” alisema.

Nikaifungua, nikampa. Kesho yake aliondoka wa kwanza, na sisi wanane tukaenda kwa mwendo wake hadi Lyantonde.