Bei ya Pili

Nilipiga picha wakati wa Alasiri, Babu akiwa msikitini. Nilikuwa na dakika ishirini, labda ishirini na tano kama angesimama nje kuongea na wenzake. Nikaivuta mashine kutoka pembeni mwa kabati, nikaondoa kitambaa cha kufuma alichokiacha marehemu Bibi, nikafungua dirisha mwanga uingie. Nikapiga mbele, juu, ubavuni, nikapiga kibandiko chenye namba, halafu nikafungua ubao wa nyuma nikapiga na ndani. Hiyo ya ndani ndiyo iliyoniponza.

Kwetu Nguvumali hakuna anayesema amplifaya. Tunasema mashine, na mtoto yeyote wa nyumba ile anajua haizungumziwi cherehani. Ni Vox AC30 ya miaka ya 1960, imetengenezwa Uingereza: boksi jeusi lenye spika mbili za inchi 12, vishikio vya ngozi juu, na uzito unaopita kilo 30. Nilipokuwa darasa la pili niliambiwa nisiiguse. Nilipoanza shahada ya uzamili niliambiwa hivyohivyo.

Mpiga gita hahitaji kuelezwa AC30 ni nini. Kwa sisi wengine: ilitoka mwaka 1959, baada ya The Shadows wa London kulalamika kwamba mashine ya wati 15 inazidiwa na kelele za mashabiki. Beatles wakaitumia. Brian May wa Queen amezeeka nayo. Ndani yake hakuna transista, kuna taa, yaani vile vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa, ambavyo lazima vipate moto kwanza ndipo sauti itoke. Ukipiga taratibu inalia safi kama kengele ya baiskeli. Ukikaza, taa zinaelemewa na sauti inaanza kukwaruza, kama ya mtu aliyeimba mpaka alfajiri.

Wapigaji wa Ulaya na Marekani wana mjadala wao usiokwisha: mashine gani usingeiuza hata ukilala njaa? Nimesoma majibu mengi. Karibu yote ni ya sauti: hii ina joto, ile ina ukali, nyingine niliiuza nikiwa kijana na mpaka leo naijutia. Nilipokuwa nasoma nilimuwaza Babu, nikaona kuna jambo wanaliruka bila kujua kwamba wameliruka. Ili mtu akatae kuuza kitu, kwanza kiwe chake.

Babu alipiga gita la rizim. Hakupiga Atomic Jazz wala Jamhuri Jazz, na hilo atakwambia mwenyewe kabla hujauliza. Alipiga bendi moja ya hapa Tanga ambayo jina lake sitaliandika, kwa kuwa mwenye bendi ana wajukuu na baadhi yao tunasalimiana. Kila kitu kilikuwa cha mwenye bendi: magita, ngoma, maiki, mashine, mpaka waya. Na haikuwa bendi yao peke yake. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, vyombo vyake vilikuwa vya chama cha wafanyakazi. Kwingine vilikuwa vya klabu, au vya tajiri mmoja mwenye duka. Mpiga gita aliyehama bendi alihama na vidole vyake. Wale watu tunaowasikiliza leo kwenye simu, tunaosema magita yao yanazungumza, wengi wao hawakuwa na gita nyumbani. Jumatatu mpaka Alhamisi, kama hakuna mazoezi, mtu alikaa bila chombo kama fundi seremala asiye na randa.

(Nikimuuliza Babu kwa nini basi Tanga ilikuwa na wapigaji wengi hivyo, ananijibu kwamba Tanga hata taarabu ililia kwa gita. Na kweli, Black Star waliweka gita la umeme na besi mahali ambapo Unguja ungekuta udi na kanuni. Si jibu la swali langu, ila huwa namwachia.)

Mwaka 1981 bendi ikafa. Mwenye bendi alikuwa anadaiwa mishahara ya miezi saba, na hakuwa na fedha, au alisema hana. Akawaambia: anayetaka asubiri, asiyetaka kusubiri achukue chombo. Wenzake wengi walichagua kusubiri. Wengine wamekufa wakisubiri. Babu akaikodia mashine mkokoteni, ikaingia Nguvumali usiku, na Bibi akasimama mlangoni akauliza kama watoto watakula spika.

Hiyo ndiyo hati yake ya umiliki. Hakuinunua kwa sababu ya sauti yake. Ni mshahara wake, wote, haujawahi kuvunjwa.

Tatizo ni kwamba mshahara huo ulikuwa unaungua. Vyombo na vipuri vya bendi yao vilikuwa vikitoka Mombasa, kwa njia ya Horohoro, na mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Katikati ya miaka hiyo, fedha za kigeni zikiwa adimu na maduka matupu, nani angeagiza taa za gita? Taa moja ikafa mwaka 1982. Bahati ni kwamba zile nne zinazosukuma sauti, aina ya EL84, hazikuwa za magita tu. Zilikuwamo kwenye redio nyingi za mezani za Ulaya za zama zile. Fundi redio mmoja wa Ngamiani akatafuta redio mbovu ya mtu, akaing'oa taa yake, akaipachika kwenye mashine. Ikaimba.

Kuanzia hapo mashine imeishi kwa viraka. Transfoma iliungua, waya ukasukwa upya kwa mkono. Karatasi ya spika moja ilichanika, ikazibwa kwa kipande cha kanga na gundi, na ukimulika na tochi unaona ua jekundu. Upepo wa bahari ulikula skrubu, zikawekwa za baiskeli. Swichi ya kuwashia ni ya ukutani, ile nyeupe ya nyumbani.

Yote haya nilikuwa sijayaona vizuri mpaka niliponyanyua simu nipige picha ya ndani.

Mnunuzi nilimpata kupitia rafiki aliyeko Dar. Mtu wa Ulaya, anakusanya mashine za zamani, na alikuwa mstaarabu, sina la kumlaumu. Picha za mbele tu zilitosha kumfanya aandike usiku uleule: shilingi milioni nne, na usafiri juu yake. Mimi nilikuwa nadaiwa ada milioni moja na nusu na bila kuilipa nisingesajiliwa muhula unaofuata. Sikulala. Nilishaandaa maneno: Babu, huipigi tena, vidole vinakuuma, umeme wenyewe ni huu. Nilishaigawa ile fedha kichwani, fungu kubwa nikampa yeye, nijione mwema.

Asubuhi nikamtumia picha ya ndani. Akachukua siku mbili kujibu. Akauliza transfoma ni ya asili? Taa? Spika? Swichi ni ipi hiyo? Halafu akaandika, kwa upole, kwamba kwa hali ile anaweza kutoa laki tisa, kwa ajili ya boksi na ile spika nzima.

Niliusoma ujumbe ule nikiwa kwenye daladala, nikakasirika kama vile nimetukanwa mimi. Kila kilichoifanya mashine iendelee kuwa hai kwa miaka arobaini ndicho kilichokatwa kwenye bei. Kama Babu angeiacha ifie 1982, ikae kabatini na taa zake za asili zilizoungua, ingekuwa na thamani zaidi. Mantiki ya soko hilo naielewa, nimefundishwa darasani. Bado naona ni ya kipumbavu.

Babu alijua tangu siku ya kwanza. Kitambaa cha Bibi nilikirudisha upande wa ndani ukiwa nje. Alisubiri wiki nzima, kisha baada ya Isha akaniita.

"Mjukuu wangu, mashine imeumwa?"

Nikasema hapana, Babu.

"Naona imefunguliwa tumbo."

Nikamwambia. Ada, rafiki wa Dar, mzungu. Alisikiliza akitazama sakafu. Nilitegemea anifokee. Badala yake akainuka, akachomeka waya, akawasha ile swichi ya ukutani. Tukakaa kimya tukingoja taa zipate moto. Mvumo ukaanza, mdogo, kama friji ya jirani. Akalitoa gita chini ya kitanda, la mkopo, la kijana mmoja wa mtaani anayefundishwa naye, akapiga rizim peke yake, bila wimbo juu yake. Vidole vilikosea mara mbili. Kwenye nyuzi nzito kile kipande cha kanga kilipiga kelele kidogo, na yeye akawa anazikwepa nyuzi hizo, kwa mazoea, kama mtu anayeruka ngazi mbovu ya nyumba yake.

Alipozima akauliza, "Walitoa ngapi?"

Nikasema, "Milioni nne."

Sikuitaja bei ya pili. Akacheka mpaka akakohoa.

Ada ililipwa na mama kwa mkopo wa kikoba, na bado tunaudaiwa. Babu hajanisema tena. Ila sasa hivi jioni barazani, kahawa ikizunguka na kashata, hadithi ni moja: mzungu ameleta milioni nne, nimemwambia arudi nazo. Wazee wanatikisa vichwa. Mmoja wao, aliyekuwa mpiga besi na aliyechagua kusubiri, hasemi kitu. Kisha Babu ananigeukia mimi, shahidi wake, anauliza ni uongo?

"Nne kamili, Babu," nasema.